Franz von Sickingen, Bwana wa Ngome

Upande wa magharibi wa Ujerumani, juu ya mji mdogo wa Landstuhl, yako magofu ya ngome iitwayo Nanstein. Twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari za bwana wake, kwa maana aliipenda Injili, tena aliutumainia upanga.

Franz von Sickingen alizaliwa tarehe 2 Machi 1481 katika Ebernburg, ngome nyingine ya ukoo wake, karibu na mto Nahe. Wazee wake walikuwa makabaila wenye kupigana juu ya farasi. Hapo kwanza watu wa namna hiyo waliogopwa sana. Lakini siku zile mizinga ilikuwa imeanza kubomoa ngome zao, na wafanya biashara wa mijini wakawapita kwa mali. Franz alijitajirisha kwa vita. Aliusumbua mji wa Worms, na mwaka 1518 akaiingia nchi ya Hesse, ambayo mtawala wake Philipp alikuwa mtoto wa miaka 13, akatoza fedha nyingi.

Lakini mtu huyu mkali alisikia mafundisho ya Martin Luther kwa rafiki yake Ulrich von Hutten, akayapokea. Akaifungua Ebernburg iwe kimbilio la walioudhiwa kwa ajili ya Neno. Martin Bucer alikaa humo; na mwaka 1522 Johannes Oekolampad akaongoza ibada humo kwa Kijerumani, watu wapate kuelewa. Mwezi wa Aprili 1521, Luther alipokuwa njiani kwenda Worms kusimama mbele ya Kaisari Karl V, Franz alimtuma Bucer amwalike ngomeni apate salama. Luther hakugeuka, akaenda Worms bila ukuta wala askari.

Franz hakuifuata njia hiyo. Mwezi wa Septemba 1522 alimwendea kwa vita Askofu Mkuu wa Trier, Richard von Greiffenklau. Alisema anaifungulia Injili mlango. Lakini pia alitaka kuwarudishia makabaila nguvu zao. Watu wa Trier hawakumfungulia malango, na baada ya siku chache baruti ikamwishia, akarudi nyuma. Naye Luther alikuwa amekwisha kuandika, tangu Januari 1521, kwamba hataki Injili ipiganiwe kwa kumwaga damu.

Mwisho wa Aprili 1523 watawala watatu waliizunguka Nanstein: Askofu Mkuu yule, Ludwig wa Pfalz, na Philipp wa Hesse, yule mtoto wa zamani. Mizinga ikazipasua kuta, na boriti zilizovunjika zikamjeruhi Franz vibaya. Akasalimisha ngome. Adui zake wakaingia alimolala, wakasema naye; na tarehe 7 Mei akafa, mwenye miaka 42. Ebernburg nayo ikachomwa moto.

Wanawe walirudishiwa Nanstein mwaka 1542, lakini mwaka 1689 askari wa Ufaransa wakaivunja, ikabaki gofu.

Tuangalie jambo moja. Mwaka 1524, Philipp wa Hesse, aliyeivunja ngome ya Franz, aliipokea Injili mwenyewe. Hakushindwa kwa mizinga, bali kwa mafundisho. Lile ambalo upanga wa Sickingen haukuliweza huko Trier, Neno lililifanya katika Hesse, bila ngome yo yote kuanguka.