Georg Ohm: mtoto wa fundi kufuli na siri ya kiungo cha waya kinachoungua

Ukifungua kiungo kilichoungua kwenye pampu ya duarani au kwenye karasha, mara nyingi utakuta waya zenyewe ni nzima. Palipoyeyuka ni pale zilipounganishwa. Aliyetuwezesha kuelewa sababu yake ni Mjerumani aliyefariki zaidi ya miaka 170 iliyopita.

Georg Simon Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 katika mji wa Erlangen. Baba yake, fundi kufuli, alijisomea hisabati na sayansi mwenyewe, kisha akawafundisha wanawe. Georg alifiwa na mama yake akiwa na umri wa miaka 10.

Mwaka 1817 alianza kufundisha hisabati na fizikia mjini Köln. Huko alipitisha umeme kwenye waya za metali, urefu na unene tofauti, akapima. Akabaini kwamba kila waya huukinza umeme kwa kiasi chake: mrefu hukinza kuliko mfupi, na mwembamba kuliko mnene.

Alichapisha matokeo hayo mwaka 1827, lakini wasomi wengi wa kwao hawakuyapokea. Ohm aliacha kazi Köln, akapitia miaka migumu hadi alipopata nafasi Nürnberg mwaka 1833. Heshima ilitoka ugenini kwanza: mwaka 1841 alitunukiwa medali ya Copley mjini London. Uprofesa wa Munich aliupata mwaka 1852, miaka miwili tu kabla ya kufariki tarehe 6 Julai 1854. Leo ukinzani wa umeme hupimwa kwa omu, kizio chenye jina lake.

Hapa Segese somo lake lina kazi. Kiungo kilicholegea ni kama waya mwembamba sana: hukinza umeme, na ukinzani huzaa joto. Pampu ya sola ya volti 12 na wati 240 huvuta ampea 20. Ampea hizo zikipita kwenye kiungo chenye ukinzani wa omu 0.1 tu, wati 40 zinageuka joto mahali padogo kama ncha ya kidole. Plastiki huyeyuka, na moto huanzia hapo.

Kwa hiyo tunachagua konekta kwa kuangalia waya. Waya mgumu wa uzi mmoja hukaa vizuri kwenye konekta ya skrubu. Waya laini wa nyuzi nyingi uvalishwe kwanza kifuniko cha metali kinachobanwa kwa koleo lake, la sivyo skrubu hukata nyuzi na kiungo hulegea. Shaba na alumini zisisokotwe pamoja, kwa sababu unyevu huzila. Tumia konekta iliyotengenezwa kwa metali zote mbili. Kebo nene ya mashine ifungwe kwa kichwa cha kubana cha saizi yake. Tena, ampea zilizoandikwa kwenye konekta zisiwe chini ya zile zinazovutwa na mashine. Tepu peke yake hufunika kiungo tu, haikikazi.

Zima umeme kabla ya kugusa chochote, na waya za kutoka kwenye nguzo waachie TANESCO. Mashine ikishafanya kazi kwa muda, izime ukague viungo vyake. Kilichobadilika rangi au kunuka plastiki kimeshaanza kuungua. Kikate, ukifunge upya.