Paul Graetz na Motokaa Yake

Kila mtu aliyeona motokaa imekwama katika matope ya Kyela wakati wa masika anajua ya kuwa nguvu za injini peke yake hazitoshi. Magurudumu huzunguka mahali pamoja, tumbo lake hulala juu ya tope, na mwisho watu huitwa waje kuisukuma. Jambo hili Paul Graetz alijifunza kwa taabu nyingi.

Alizaliwa mwaka wa 1875 mjini Zittau, Ujerumani, akawa ofisa wa jeshi la Wadachi katika Afrika ya Mashariki. Siku zile mizigo mingi ilichukuliwa na wapagazi, na njia nyingi zilikuwa za miguu tu. Hata hivyo alikusudia kuivuka Afrika kwa motokaa, toka bahari hata bahari. Hapakuwa na mtu aliyekwisha kufanya hivyo.

Alijua kuwa motokaa ya mjini haitafaa. Basi kiwanda cha Gaggenau kilimtengenezea nyingine, yenye magurudumu makubwa, na tumbo lake liliinuliwa kama sentimeta 35 toka chini, lipite juu ya visiki na mawe. Lakini kila faida ina gharama yake. Motokaa ikiinuliwa, uzito wake hukaa juu, na penye mteremko wa upande huweza kupinduka upesi. Tena chombo kizito, hata kikiwa kirefu, huzama katika tope na mchanga.

Graetz aliondoka Dar es Salaam tarehe 10 Agosti 1907. Safari haijaendelea mbali, injini ikavunjika, ikambidi angoje miezi mpaka vyombo vipya vifike kutoka Ulaya. Penye mito na vilima wenyeji walikata miti, wakatengeneza madaraja, wakaivuta motokaa kwa kamba. Walio wengi, majina yao hayajulikani. Lakini bila mikono yao isingalifika. Akapita nchi ambayo leo ni Zambia, akavuka mchanga wa Kalahari, na tarehe 1 Mei 1909 akafika Swakopmund, kwenye bahari ya magharibi, baada ya siku 630.

Mwaka wa 1911 alirudi Afrika na mashua yenye injini, akapita Ziwa Nyasa pamoja na Mfaransa Octave Fière. Karibu na Ziwa Bangweulu nyati aliwashambulia. Fière akafa, na Graetz akajeruhiwa vibaya. Alipopona aliendelea na safari. Alikufa mwaka wa 1968.

Leo madereva wana matairi mapana yaliyojaa upepo. Wakifika penye mchanga hupunguza upepo kidogo, ili mpira utandazike na uzito ugawanyike, kisha huujaza tena wafikapo barabara ngumu, maana tairi laini huyumba katika mwendo wa kasi na huharibika. Hivyo afanyaye safari huitazama njia kwanza, ndipo akitengeneze chombo chake kuifaa.