Joseph Pilates: Mtoto mgonjwa aliyetafuta nguvu, si kupungua kilo

Huenda uliacha mazoezi kwa sababu mizani ilikukatisha tamaa. Ulitembea mwezi mzima, ukapima, kilo zikawa zile zile. Au magoti yaliuma, ukaamua kukaa. Kabla hujakata shauri, msikilize mtu huyu ambaye hakuanza mazoezi ili apungue.

Joseph Pilates alizaliwa Desemba 1883 katika mji wa Mönchengladbach, Ujerumani. Utotoni alisumbuliwa na pumu, matege na homa ya baridi yabisi, ambayo hushambulia viungo na huweza kuharibu moyo. Kama una mtoto wa namna hiyo, unajua ilivyo rahisi kumwambia akae pembeni atazame wenzake wakicheza. Joseph hakukaa pembeni. Alijifunza jimnastiki na ndondi, na ukubwani akawa mkakamavu.

Usielewe vibaya, mzazi: mazoezi si dawa ya matege wala ya homa hiyo. Mtoto aliyewahi kuugua homa ya baridi yabisi apimwe moyo kwanza, na mwenye pumu aendelee na dawa zake. Daktari akiruhusu, mwache acheze.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Pilates alihamia Uingereza. Vita ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani wengi waliokuwa huko waliwekwa kizuizini, naye akiwamo. Alipelekwa hadi kambi ya Kisiwa cha Man, akawa anawafundisha mazoezi mahabusu wenzake. Inasimuliwa kwamba alifunga springi kwenye vitanda ili hata wagonjwa waweze kuzivuta wakiwa wamelala.

Hebu liangalie jambo hilo kwa makini. Mtu aliyelala hapigi kishindo magotini. Kitanda kinabeba uzito wake, huku misuli ikifanya kazi kwa kushindana na springi. Baadaye Pilates alitengeneza vifaa vinavyotumia springi kwa namna hiyo hiyo.

Katikati ya miaka ya 1920 alihamia Marekani. Yeye na mwenza wake, Clara, walifungua ukumbi wa mazoezi katika barabara ya Eighth Avenue, New York. Miongoni mwa waliomwendea walikuwa wachezaji dansi wa jukwaani, na walimu wao wakubwa kama George Balanchine na Martha Graham walimfahamu na kumwamini. Wachezaji hao hawakuwa na kitambi cha kupunguza. Walikuwa na nyonga, migongo na vifundo vilivyoumia, na walitaka kurudi jukwaani.

Mwaka 1945 alitoa kitabu chenye mazoezi 34 ya kufanya sakafuni: polepole, kwa kufuata pumzi, kila zoezi mara chache lakini kwa usahihi. Alifariki mwaka 1967 akiwa na miaka 83. Jambo moja usimuige: alikuwa mvutaji wa sigara.

Sasa turudi kwako. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye goti, haina mishipa ya damu. Hupata lishe kutoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo husambaa unapojongea. Kwa hiyo goti linalokaa tu siku nzima hukakamaa. Misuli imara ya paja nayo hulipunguzia goti mzigo.

Anza hivi. Pasha mwili joto kwa dakika tano. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, hesabu hadi tano, shusha taratibu. Lala chali mkekani, kunja magoti, nyanyua makalio polepole, kisha shusha. Fanya kila zoezi mara nane hadi kumi, siku mbili au tatu kwa wiki. Siku nyingine tembea kwenye njia tambarare ukiwa na viatu vyenye soli laini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afikishe angalau dakika 150 kwa wiki, na mtoto wa shule dakika 60 kila siku. Huna haja ya kuanzia hapo. Ongeza kidogo kidogo.

Misuli kuchoka si tatizo. Lakini maumivu ya kiungo yakizidi saa mbili baada ya mazoezi, ulipitiliza. Punguza safari ijayo. Goti likivimba, likiwa la moto, likikwama au likilegea ghafla, nenda hospitali. Maumivu ya kifua au kizunguzungu wakati wa mazoezi ni ishara ya kusimama mara moja na kumwona daktari.

Na mizani? Iweke kando kwa muda. Jipime kwa mambo haya: unanyanyuka kwenye kiti bila kushika meza? Unapanda ngazi bila kuhema sana? Unambeba mwanao bila mgongo kulalamika? Majibu yakibadilika kuwa ndiyo, mazoezi yako yanafanya kazi, hata kama kilo hazijashuka hata moja.