Daktari aliyemshukuru Mungu kwa maumivu



Ni mara ngapi umepiga magoti ukamwomba Mungu akuondolee maumivu? Mimi pia huomba hivyo, wala si kosa. Lakini leo nikusimulie habari za mtu aliyeyashukuru: Dk. Paul Brand, bingwa wa upasuaji wa mikono. Hakuwa Mkatoliki. Wazazi wake walikuwa wamisionari Wabaptisti kutoka Uingereza, naye alizaliwa mwaka 1914 katika milima ya Kolli, kusini mwa India. Kabla ya kusomea udaktari alijifunza ujenzi na useremala, na utaona ulivyomfaa.

Mwaka 1946 alirudi India kufundisha upasuaji katika chuo cha tiba cha Kikristo cha Vellore. Siku moja alitembelea kituo cha wenye ukoma, Chingleput. Akampa mkono mgonjwa mwenye vidole vilivyojikunja kama makucha, akamwomba aubane. Yule mtu akaubana mpaka daktari akaumia. Papo hapo akaelewa kwamba si misuli yote iliyokufa. Kumbuka, enzi hizo hata madaktari wengi waliogopa kumgusa mwenye ukoma. Yeye akachukua kano za misuli iliyo hai, akazihamishia kwenye vidole vilivyopooza, navyo vikaanza kunyooka.

Siku nyingine alishindwa kufungua kufuli lenye kutu. Mtoto mmoja mgonjwa akauzungusha ufunguo kwa nguvu, kufuli likafunguka, lakini kidole chake kilichanika hadi mfupa ukaonekana, na mwenyewe hana habari. Kumbe vidole vya wenye ukoma havikuwa vikioza kama watu walivyodhani. Ugonjwa uliua mishipa ya fahamu, kisha mtu akashika chungu cha moto, au akakanyaga msumari, asijue. Usiku panya waliwatafuna vidole usingizini. Wagonjwa waliorudi nyumbani wakapewa paka. Paka, msomaji wangu! Dawa haina haja ya kuwa ghali.

Kisha likaja jambo ambalo hakulitarajia. Baadhi ya waliotibiwa walirudi wakilalamika: mikono ikishanyooka, hakuna anayewahurumia kwa sadaka, na kazi hakuna anayewapa. Litafakari hilo, wewe unayeacha sarafu mlangoni mwa kanisa. Hapo ndipo useremala ulipofaa. Akajenga vibanda vya udongo, pakawa kituo cha maisha mapya, na mikono ile ikajifunza kutengeneza vitu vya kuuza.

Mwaka 1966 alihamia Marekani, katika hospitali ya ukoma ya Carville, Louisiana. Aliyoyajua kuhusu ganzi yakasaidia pia kuokoa miguu ya wenye kisukari. Alifariki mwaka 2003.

Nikuachie usiku wake mmoja. Alifika London amechoka, akavua soksi, akagundua kisigino hakihisi kitu. Akajichoma pini. Kimya. Usiku kucha alilala macho, akiamini kwamba ukoma umempata, na kwamba hatawakumbatia tena mkewe Margaret na watoto wao. Kulipokucha alichukua tena pini, akachoma palepale, akapiga ukelele. Kumbe ni mshipa tu uliokuwa umebanwa kwa kukaa mno kwenye treni. Akiwa bado ameshika kisigino kilichomuuma, alimshukuru Mungu.