Rumanyika wa Bweranyange: mfalme wa ngoma, enanga na ng'ombe

Wasikilizaji wetu wa Nyabiyonza, mnapousikia wimbo wa kusifu ng'ombe ukipigwa kwa enanga, mkumbukeni Omukama Rumanyika. Ikulu yake ilikuwa Bweranyange, humu humu wilayani kwetu Karagwe.

Baba yake, Ndagara, alipofariki, watoto watatu waligombea kiti. Kisa alichosimuliwa mgeni Mwingereza Speke kinasema kwamba waliwekewa ngoma ndogo, nyepesi kwa kuitazama, lakini iliyotiwa dawa ikawa nzito. Rumanyika peke yake aliinyanyua, tena kwa kidole kidogo. Dawa au siasa? Sisi tunaona vyote viwili, maana ndugu yake Rogero hakukubali, akachukua silaha. Rumanyika aliokolewa kwa msaada wa Musa Mzuri, mfanyabiashara Mhindi wa Tabora. Tangu hapo wafanyabiashara wa pwani walikaribishwa vizuri Karagwe, na ni rahisi kuelewa kwa nini.

Speke na mwenzake Grant walifika Novemba 1861. Januari 1862 Speke aliendelea kwenda Buganda, akamwacha Grant akiugua mguu vibaya. Miezi ile ya kulala ndiyo iliyotufaa sisi, kwa sababu Grant alikuwa na muda wa kutazama na kusikiliza. Aliandika habari za enanga, chombo cha ubao chenye nyuzi saba au nane. Mwezi ulipoandama, ngoma nyingi zilipigwa mbele ya Omukama. Ng'ombe wa pembe ndefu walikuwa ndiyo utajiri wa ikulu. Hata sanamu za ng'ombe zilifuliwa kwa chuma, kazi ambayo sifa yake hupewa Ndagara.

Mwaka 1876 alikuja Stanley, akamkuta Rumanyika mzee, bado mkarimu kwa wageni. Hakuishi miaka mingi baada ya hapo. Alipoondoka, ugomvi wa kurithi kiti ukarudi, safari hii bila mtu wa kuutuliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ikafyeka mifugo Afrika Mashariki nzima. Kwa mfugaji hapahitaji maelezo: zizi likiwa tupu, maziwa hakuna, mahari hakuna, na mwimbaji wa ng'ombe anamsifu nani?

Kama nyumbani kwenu yupo mzee anayejua kupiga enanga na kutaja majina ya ng'ombe wa zamani, mrekodini kwa simu hiyo hiyo mnayosomea habari hii. Afanye kwa Kinyambo, asitafsiri.