Elijah Masinde na Ngome ya Chetambe

Jina la Elijah Masinde linapotajwa Bungoma au Kitale, wengi hukumbuka mambo mawili: unabii na wazimu. Makala haya yanashikilia kwamba maisha yake hueleweka vyema zaidi yakianzia mahali ambapo yeye mwenyewe hakuwapo, yaani ngome ya Chetambe, karibu na Webuye, mwaka wa 1895.

Chanzo cha vita vile kilikuwa bunduki. Baadhi ya askari wa Kisudani waliowatumikia Waingereza kule Mumias waliwauzia Wabukusu silaha zao. Kikosi kilichotumwa kuzirejesha kikaangamizwa Lumboka. Agosti 1895, C. W. Hobley aliongoza jeshi la kulipiza kisasi, likiwa na Waganda, Wawanga na bombomu aina ya Maxim. Wabukusu walijikinga kwa kuta za udongo na handaki. Kinga hiyo iliwafaa dhidi ya mikuki na mishale, kama deraya ilivyowafaa wapanda farasi wa Ulaya ya kale, lakini haikuwaokoa mbele ya silaha mpya. Lumboka ilianguka, kisha Chetambe.

Masinde alizaliwa Maeni, Kimilili, yapata mwaka wa 1910, wakati ambapo walionusurika vitani walikuwa bado hai. Ujana wake haukuashiria uasi wowote. Alikuwa mwanakandanda hodari aliyeichezea Kenya katika Kombe la Gossage, muumini wa Kanisa la Marafiki, na mjumbe wa mahakama ya wenyeji. Alitengwa na kanisa alipooa mke wa pili.

Wakati huohuo, Trans Nzoia ilikuwa imegawiwa walowezi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, wengine wao wakiwa wanajeshi wastaafu. Kandokando ya Kitale, Wabukusu waliishi kama maskwota na vibarua. Hapo ndipo mahubiri ya Masinde yalipopata masikio: wageni waondoke, watu warejee kwa mizimu ya wahenga. Hata jina la dini yake lastahili kuzingatiwa na mwanaisimu. Dini ya Msambwa huunganisha neno la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu na neno la Kibukusu, na muundo wake ni wa Kiswahili.

Mwaka wa 1945 serikali ilimpeleka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alikokaa hadi 1947. Kwa maoni yangu, huo ulikuwa uamuzi wa kisiasa uliovikwa joho la daktari. Septemba mwaka huohuo aliwaongoza wafuasi wake hadi Chetambe kuwatolea sadaka waliouawa 1895. Yamkini hakuna tendo lake lililowatia watawala hofu zaidi, kwani walioshindwa walikuwa wakihesabu wafu wao hadharani.

Februari 1948 polisi walifyatulia risasi umati wa waumini huko Malakisi, watu 11 wakafa. Masinde alikamatwa mwezi huohuo, dini ikapigwa marufuku, naye akahamishiwa Lamu. Kwetu wanafunzi wa Kiswahili, Lamu ni kitovu cha tendi. Kwake ilikuwa kifungo. Aliachiliwa 1961.

Uhuru haukumpatanisha na dola. Marufuku iliondolewa 1964, ikarejeshwa 1968, naye akafungwa tena na serikali ya Waafrika wenzake. Alifariki mwaka wa 1987.