Glaisher: Aliyehatarisha maisha kupima anga

MWANASAYANSI wa Uingereza, James Glaisher, alikuwa na umri wa miaka 53 alipopaa kwa puto kutoka Wolverhampton, Septemba 5, 1862, akiwa na barometa, vipimajoto, vipima unyevu na kamera.

Kamera hiyo ilitumia mabamba makavu ya kioo yenye wepesi mkubwa wa kunasa mwanga, aliyopewa na Dk. Hill Norris. Nia ilikuwa kupiga picha ya mawingu kutoka juu.

Puto lilipochomoza juu ya mawingu, mwanga ulikuwa tele. Kikwazo kilikuwa puto lenyewe: lilipaa kwa kasi huku likizunguka, na picha haikupatikana.

Glaisher alizaliwa London mwaka 1809. Kuanzia mwaka 1838 hadi 1874 aliongoza idara ya hali ya hewa na sumaku katika kituo cha Greenwich. Aliamini kuwa vipimo vya ardhini pekee havitoshi kuieleza angahewa.

Imani hiyo nusura imgharimu maisha. Katika kimo cha mita 8,800 hivi, mikono yake ilikufa ganzi, macho yakaingia giza, akazimia.

Wakati huo rubani wake, Henry Coxwell, alikuwa amepanda juu ya kikapu kuinasua kamba ya kutolea gesi. Mikono yake ilikuwa imeganda kwa baridi, hivyo akaivuta kamba kwa meno hadi puto likaanza kushuka.

Glaisher alizinduka baada ya dakika zipatazo saba, akaendelea kuandika vipimo vyake. Walitua salama karibu na Ludlow.

Hakukoma hapo. Kati ya mwaka 1862 na 1866 alipaa mara 28, akathibitisha kuwa joto halipungui kwa kiwango kimoja kadiri mtu anavyopanda, kinyume cha kanuni iliyokuwa ikitumika.

Baadaye aliongoza Chama cha Wapiga Picha cha London kwa zaidi ya miaka 20. Alifariki dunia Croydon mwaka 1903, akiwa na miaka 93.

Filamu ya The Aeronauts ya mwaka 2019 ilisimulia safari hiyo, lakini nafasi ya Coxwell ikapewa mwanamke wa kubuni.

Leo vihisi vya picha hupaa kwa puto na ndege bila mtu kuhatarisha roho. Hata hivyo, mtihani ulioishinda kamera ya Glaisher ungalipo: kifaa kilichofaulu chini sharti kithibitishwe juu, penye baridi na mtikisiko.